Tikisa simu ifunguke? Maswali yenu kuhusu simu inayomjua mwenyewe kwa mwendo wa mkono

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu, kwenye ile kurasa ya kufuli za simu, kwamba kuna watu wanaitengeneza simu imtambue mwenyewe kwa namna anavyoitikisa au kuizungusha mkononi. Kumbe tulichokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka basi, nyingine ndefu kuliko kurasa yenyewe, kwaiyo leo safu nzima ni ya mambo hayo tu. Za chaja zisizochaji na simu zinazopata moto subirini toleo lijalo.

Mambo vipi mkuu. Kuna jamaa hapa dukani kapakua apu, anachora namba nane hewani na simu inafunguka, sa anatutambia eti PIN ni mambo ya wazee. Nikachukua simu yake nikachora nane ile ile ikagoma, nikasema kweli hii kiboko, afu mwenzetu mwingine kajaribu mara ya pili tu ikakubali. Inajuaje kama ni wewe? Na mimi niweke? Maana humu kwenye simu yangu kuna laini mbili na zote zina hela. — Muuza vipuri, Kariakoo

Poa mkuu. Nianze na la mwisho maana ndo lenye hela: usiiweke iwe kufuli pekee. Sasa kwa nini, hapo inabidi tuifungue simu kidogo.

Ndani ya simu janja yoyote kuna kadude kanaitwa akselerometa, ndo kale kanakofanya skrini igeuke ukilaza simu. iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa nako tayari. Baadae ikaja jairoskopu, hiyo inapima simu inavyozunguka, iPhone 4 ya 2010 ikawa nayo, ila simu nyingi za bei chee mpaka leo hazina hio ya pili, zina akselerometa tu. Kama una Samsung, simu nyingi zao ukipiga *#0*# inakuja menyu ya mafundi, gusa sehemu ya sensa, utaona namba tatu zinachezacheza: x, y na z. Laza simu mezani, z itasoma karibu 9.8 na zile mbili zitakuwa karibu na sifuri. Hiyo 9.8 ni mvutano wa dunia. Isimamishe wima, 9.8 inahamia kwenye y. Sasa itikise uone zinavyoruka. Basi, hicho ndo simu inachokiona. Haioni nane wala mkono wako, inaona namba tatu zinazobadilika.

Apu ikisoma hizo namba mara 100 kwa sekunde, na nane yako inachukua sekunde mbili, inapata namba 600. Ndani ya hizo 600 kuna umbo la nane, sawa, lakini kuna na vitu ambavyo wewe mwenyewe huvijui: kifundo chako kinavyokunja, unaanza kwa nguvu kiasi gani, kwenye kona ya juu unapunguza mwendo au unapita moja kwa moja, unaishika simu kwa vidole au kwa kiganja. Ndo maana ulipochora wewe ikagoma, nane yako sio nane yake japo kwa macho ni ile ile.

Shida inakuja kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuichora sawasawa mara mbili. Leo kaamka na haraka, kesho kachoka. Kwaiyo programu haiwezi kulinganisha namba ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, itakataa kila kitu. Inatumia hesabu ya kuvuta na kubana muda, ambayo watu wa kutambua sauti walikuwa wanaitumia tangu miaka ya 1970: ni kama watu wawili wanaimba wimbo mmoja, mmoja anauburuza mwingine anaukimbiza, wewe unamvuta huyu unambana yule mpaka maneno yakutane, ndo unapima wametofautiana kiasi gani. Mwisho inatoka namba moja ya tofauti. Ikiwa chini ya kiwango fulani simu inafunguka, ikizidi inagoma.

Na hicho kiwango ndo kila kitu. Ukikikaza sana, mwenyewe unakataliwa kwenye simu yako na unaanza kuitukana. Ukikilegeza, anaingia mwenzenu wa mara ya pili. Hamna namna ya kukwepa, unachagua tu uumie wapi, na wenye apu za kufurahisha watu wanalegeza kwa sababu mtu akikataliwa mara tatu anaifuta.

Sasa ngoja nikupe takwimu za kweli usije ukasema natisha watu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, kule Houston Marekani, pamoja na watu wa Motorola walitoa mfumo unaitwa uWave. Walitumia rimoti ya gemu ya Wii, wakachukua watu wanane, wakawafanyisha miondoko minane kwa wiki kadhaa, sampuli zaidi ya 4,000, na mfumo ukawa unatambua mwondoko gani umefanywa kwa usahihi wa asilimia 98.6. Safi kabisa, ila angalia: hapo unatambua mwondoko, sio mtu. Walipogeuka na kuuliza mtu, kwamba huyu ni mwenyewe au mwizi, makosa yakawa asilimia 3 kila upande, yaani katika majaribio 100 ya mwizi matatu yanapita, na katika 100 ya mwenyewe matatu yanakataliwa. Halafu wakamruhusu mwizi amwangalie mwenyewe akifanya. Ikapanda ikawa asilimia 10.

Moja kwa kumi mkuu! PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, na huduma za pesa za simu kwa kawaida zinafunga ukikosea mara tatu. Apple wanasema alama ya kidole kwenye simu zao mtu baki ana nafasi moja katika 50,000, na sura moja katika milioni. Sasa weka hapo pembeni moja kwa kumi, tena jamaa yenu anaichora nane yake katikati ya duka wateja wote wanaona. PIN unaifunika na kiganja, mkono unaozunguka hewani utaufunika na nini? Madrid nako kuna watafiti walifanya majaribio ya sahihi ya hewani, wao wakawarekodi watu kwenye video kabisa na wakawapa waigaji waangalie, kwa sababu walijua wizi wa kweli ndo utakavyokuwa, mtu amekaa nyuma yako na kamera.

Jingine ambalo halihusu sensa kabisa. Hizi apu za kufuli za kupakua mara nyingi hazifungi simu, zinaweka pazia tu juu ya skrini. Android ukiiwasha kwa ile hali salama (Safe Mode), apu zote za kupakua zinalala, na pazia linaondoka. Kwaiyo kama jamaa kaitoa PIN ya simu yenyewe akabaki na nane tu, mwambie airudishe leo.

Habari za kazi. Mie nimeporwa simu na vishandu nikiwa nimeshika mkononi naongea, pikipiki ilipita ikanyakua ikaishia, na simu ilikuwa WAZI, wameingia mpaka kwenye picha na wameomba hela kwa watu wangu wote kwa jina langu. Shemeji ananiambia siku hizi simu inajijua kama imeporwa inajifunga yenyewe. Ni kweli au ananipoza? — Dada wa Mwenge

Pole sana dada. Ni kweli, na kwa maoni yangu hapa ndipo mambo ya mwendo yanapolipa, sio kwenye kuchora nane.

Google waliitangaza Mei 2024, wakaanza kuijaribu Brazil ambako uporaji wa simu barabarani ni balaa, na kuanzia Oktoba 2024 ikaanza kusambaa kwa wengine. Inafanya kazi kwenye Android 10 kwenda juu. Simu iko mkononi, imefunguliwa, mara ghafla inapata mtikisiko mkali wa kunyakuliwa, na baada ya hapo inaona mwendo wa mtu anayekimbia au wa pikipiki au gari linaloondoka. Ikiviunganisha hivyo viwili inafunga skrini palepale. Yule kijana anafika mbele anakuta inamdai PIN.

Umeona tofauti na nane ya Kariakoo? Huku simu haiulizi wewe ni nani, inauliza tu kimetokea nini. Swali jepesi zaidi, na ikikosea hasara ni ndogo: umekimbilia daladala, simu imejifunga, unaweka PIN unaendelea na safari. Ile ya kufungua ikikosea, mwizi yuko ndani.

Namna ya kuiwasha: ingia setingi, shuka mpaka Google, tafuta sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi. Majina yanacheza kulingana na simu na lugha, kwaiyo ukipotea andika neno wizi kwenye kisanduku cha kutafutia, au theft kama simu yako iko kwa Kiingereza. Utakuta na zingine mbili, washa zote: moja inafunga simu mwizi akiikata na mtandao muda mrefu, nyingine inakuwezesha kuifunga ukiwa mbali kwa kuingiza namba yako ya simu kwenye android.com/lock, bila kukumbuka paswedi ya akaunti, ambayo najua hamuikumbuki.

Isikudanganye lakini. Mtu akiichomoa taratibu kwenye pochi akaondoka anatembea kama mwenye nayo, hamna mnyakuo, haitashtuka. Na simu za Android Go, zile ndogo za bei rahisi, haziko kwenye huo mpango. Pia kama simu ilikuwa na PIN ya 1234 umefanya kazi bure. Na namba ya IMEI andika leo kwenye karatasi, unaipata kwa *#06#, maana polisi na kampuni ya simu wote wataiuliza na simu itakuwa haipo ya kupiga hizo alama.

Shikamoo. Mama yangu yuko Korogwe alipata kiharusi, mkono wa kulia unatetemeka. Alama za vidole nazo shida, amelima maisha yake yote vidole vimekuwa laini kabisa mashine haisomi. Dada yuko Muscat anataka kumtumia simu nzuri, kasikia kuna za kufungua kwa kutikisa akaona itamfaa mama asihangaike na namba. Unashaurije? — Kijana wa Tanga

Marahaba, na mpe pole mama. Mwambie dada aachane na hilo wazo, nia yake nzuri ila hilo ndo lingemtesa kuliko yote. Mifumo ya mwendo inajifunza namna yako ya kawaida halafu inatarajia ile ile. Mkono unaotetemeka hauna ile ile: asubuhi tofauti na jioni, akiwa amepumzika tofauti na akiwa na wasiwasi, baada ya dawa tofauti na kabla. Ama itamkataa kila saa, ama watailegeza mpaka mjukuu yeyote anaingia. Wengi wanaotengeneza hivi vitu wanajaribia kwa wanafunzi wa chuo wenye miaka ishirini na mikono mizima, afu wanashangaa.

Kwa mama ningeenda na sura, kama simu ni ya kueleweka, pamoja na PIN ya tarakimu sita anayoijua kichwani anayobonyeza kwa mkono wa kushoto. Kisha kaa nae uingie kwenye setingi za ufikivu, huko ndo kuna msaada wa kweli. Samsung wana kitu cha kufanya simu isihesabu mguso mpaka kidole kikae kidogo, na kingine cha kupuuza miguso inayojirudia kwa haraka, ambayo ndo mkono unaotetemeka unaifanya bila kupenda. iPhone nayo iko hivyo. Na kwenye iPhone kazime ile ya kutikisa ili kufuta ulichoandika, iko palepale kwenye ufikivu upande wa mguso, la sivyo atakuwa anaandika meseji na simu inamuuliza kila mara kama anataka kufuta.

Mkubwa, kuna mtu kaniambia hata ukifunika skrini na mkono, apu nyingine inaweza kuisoma PIN yako kwa kusikiliza simu inavyotikisika unapobonyeza. Hii si chumvi jamani? — Haulizi kwa ubaya, Kigamboni

Ina chumvi kidogo lakini samaki yupo. Ukibonyeza 1 juu kushoto simu inainama kidogo sana upande huo, ukibonyeza 9 inainama upande mwingine, na ile akselerometa tuliyoisema inaona. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitengeneza apu ya majaribio, TouchLogger, ikakisia zaidi ya asilimia 70 ya vitufe vilivyobonyezwa kwenye kibodi ya namba. Na 2017 wale wa Newcastle, Uingereza, wakafanya kitu kama hicho kupitia kurasa ya intaneti tu, hamna hata apu, wakapata PIN kwa jaribio la kwanza karibu mara 7 katika 10. Chumvi ni hii, walikuwa wanachagua kati ya orodha ya PIN 50, sio zote 10,000, na programu ilikuwa imefundishwa kwanza.

Kinachoudhi ni kwamba kamera na maikrofoni apu lazima ikuombe ruhusa, ila akselerometa kwenye Android inasomwa bila kukuuliza. Wamekaza kidogo: kuanzia Android 12 apu ya kawaida haisomi zaidi ya mara 200 kwa sekunde mpaka itangaze rasmi kwamba inahitaji, na iPhone tangu iOS 13 ya 2019 tovuti ikitaka sensa za mwendo lazima ikuombe. Wewe fanya hivi, ukienda kwenye apu ya benki funga zile kurasa za ajabuajabu za kuangalia mpira bure zilizo wazi nyuma. Ukweli ni kwamba wezi wetu wa mtaani hawahangaiki na hizi hesabu, wanakupigia simu wanajifanya huduma kwa wateja na wewe mwenyewe unawatajia PIN.

Apu ya benki yangu inaniambia nigeuze kichwa kushoto, kulia, nikonyeze, nisogeze simu karibu. Nimefanya nikiwa kwenye foleni ya saluni watu wakanicheka. Hii nayo ndo kutambua mtu kwa mwendo? — Bi harusi mtarajiwa, Dodoma

Hapana bi harusi, hiyo inauliza kitu kingine: kama uliyeko mbele ya kamera ni mtu hai. Sura yako wanalinganisha na picha waliyonayo, hio kazi tofauti. Kugeuka na kukonyeza ni ili mtu asishike picha yako aliyoitoa Instagram akaiweka mbele ya kamera, picha haigeuki. Video inaweza kugeuka, ndo maana wanachanganya maagizo, leo kushoto kwanza kesho kulia kwanza. Unaposogeza simu, pua inakua haraka kuliko masikio kwa sababu iko karibu na kamera, kwenye picha bapa vyote vinakua sawa.

Ila kuna benki zinaangalia na mwendo kimyakimya, hujui wala husikii: simu imelala kwa pembe gani, unabonyeza kwa kasi gani, mkono unayumba vipi unapoandika. Kampuni kama BioCatch ya Israeli na BehavioSec iliyoanzia Sweden zilijengwa juu ya hilo. Wao hawakufungulii mlango kwa hicho, wanakitumia kupiga kengele: leo akaunti yako inahamisha hela zote na simu imelala bapa mezani haitikisiki hata chembe wakati miaka yote unaishika kwa mkono mmoja ukitembea, basi wanasimamisha muamala wanakupigia. Hongera kwa ndoa, next time fanya hiyo kazi nyumbani.

Nina mimba ya miezi saba na simu yangu ina ile kitu ya kubaki wazi nikiwa natembea nayo. Mume wangu anasema inanijua kwa hatua zangu. Sa mbona natembea kama bata siku hizi na bado inafunguka? — Mama Kijacho, Arusha

Hahaha, Mama Kijacho, mume ana nusu ya ukweli. Kwamba mtu anajulikana kwa mwendo ni kweli, hata wewe unamjua nani anakuja koridoni kabla hajafika. Mwaka 1977 huko Marekani walibandika tepu inayoakisi mwanga kwenye viungo vya watu, wakawaonyesha marafiki zao nukta tu zinazotembea gizani, na wakawatambua zaidi ya kubahatisha. Mwaka 2005 watafiti wa Finland wakafunga akselerometa kwenye mkanda nyuma ya kiuno, watu 36, wakawatembeza polepole, kawaida na haraka, siku tofauti, makosa yakawa asilimia 7. Ila hapo kifaa kimefungwa sehemu moja. Wewe leo simu iko mfukoni, kesho kwenye mkoba, kesho kutwa kwenye sidiria, na umebadilisha viatu, na mimba juu.

Ndo maana hiyo ya kwenye simu yako, waliyoitoa Google 2015, kazi yake kubwa ni kuona kama simu bado imebebwa. Imebebwa inabaki wazi, umeiweka mezani inajifunga. Imebebwa na nani ndo hapo. Google wenyewe wameandika kwamba kuna simu zinajifunza mwendo wako, na wameonya hapohapo kwamba ukimpa mtu mwingine ikiwa wazi inaweza kubaki wazi. Kwaiyo kishandu wa yule dada wa Mwenge angekimbia nayo ikiwa wazi mpaka Manzese. Izime mama, uweke kidole.

Habari mwalimu, niko mwaka wa nne kompyuta sayansi. Projekti yangu ni kutambua mtumiaji wa simu kwa ishara za mkono, nimetumia wenzangu kumi hosteli, kila mmoja kafanya mara 30, nimepata usahihi wa asilimia 99. Supavaiza hajafurahi na hasemi kwa nini, naomba ushauri. — Mwanafunzi, Dodoma

Mdogo wangu, supavaiza yuko sahihi ila angekuambia. Hebu nijibu: hizo mara 30 walifanya siku moja? Najua ndio, usiku mmoja, wamekaa kitandani, simu ile ile. Basi umepima usiku ule, hujapima watu. Warudishe baada ya wiki, mmoja amesimama, mmoja katoka mpirani, mmoja ameshika mkate mkono mwingine, uone hiyo 99 itakavyoshuka. Wale wa uWave waligundua mwondoko wa mtu yule yule unabadilika siku hadi siku kiasi kwamba iliwabidi waweke namna ya kuhuisha sampuli za zamani. Weka na wewe, afu fikiria mwizi aliyepita kwa bahati mara moja: sampuli yake ikiingia humo, mfumo unaanza kujifunza kwake. Hilo peke yake ni sura nzima ya ripoti.

Pili, asilimia 99 ya nini? Kwa watu kumi, kumchagua mmoja kati ya kumi sio kumthibitisha mmoja dhidi ya dunia. Acha neno usahihi, toa makosa mawili tofauti, ya kumkubali mgeni na ya kumkataa mwenyewe, uchore yanavyopishana unapokaza na kulegeza kiwango. Utafiti mmoja mkubwa wa 2016 wa namna mtu anavyoshika na kugusa simu, HMOG, ulitumia watu 100, wakaunganisha mwendo wa mkono na miguso na uandishi, na bado makosa yakawa asilimia 7.16 mtu akitembea na 10.05 akiwa amekaa. Ukileta 99 kwa watu kumi, mtahini ameshaanza kutabasamu. Ila hilo la kutembea kuwa bora kuliko kukaa, hebu lijaribu, wengi wanatarajia kinyume.

Tatu, mwizi yuko wapi kwenye data yako? Warekodi wenzako video, kwa ridhaa yao, wape wengine waangalie mara nyingi wanavyotaka halafu waige, na uweke na zawadi ya soda kwa atakayefanikiwa maana mtu asiye na hamu ya kuiba haigi vizuri. Ripoti hiyo namba kwenye kurasa ya kwanza hata kama ni mbaya. Supavaiza atafurahi, naahidi.

Fasta tu: zamani kulikuwa na apu mnagonganisha simu mbili ngumi kwa ngumi namba zinahama. Iliishia wapi? — Mhenga wa 2010

Bump! Ilitoka 2009. Kumbe simu zenyewe hazikuwa zinaongea, kila moja ilituma kwenye seva saa na mahali ilipogongwa, seva ikatafuta migongano miwili iliyotokea pamoja ikaziunganisha. Google waliwanunua Septemba 2013 na apu ikazimwa Januari 31, 2014. Wazo lenyewe la kutikisa simu mbili pamoja ili ziaminiane, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walikuwa wameshalifanyia kazi 2007: ukizishika zote mkono mmoja ukazitikisa, zinapata mtikisiko mmoja ambao mtu wa pembeni hana, na hapo ndo zinatengeneza ufunguo wa siri. Siku hizi kwa kupeana namba watu wanaonyeshana QR tu, yameisha.